UZI: Resini na plastisaiza kwenye rangi za kukinga chuma. Ulizeni ulaini unatoka wapi kabla hamjatoa hela

#1 FundiKutu (mleta mada)

Wakuu, salamu kwenu.

Uzi huu nauleta kwa wote wanaohangaika na chuma karibu na chumvi: wenye maghala Kurasini, wenye boti Bagamoyo na Kilwa, mafundi wa matangi Tanga na Mtwara, ndugu zetu wa Mombasa na Unguja. Swali linaloulizwa kila siku ni "rangi gani inazuia kutu?", na muulizaji anataka atajiwe kampuni. Humu sitataja kampuni. Kampuni moja huuza kopo zuri na kopo dhaifu kwenye rafu moja, kwa hiyo jina la nje halikusaidii. Kinachokusaidia ni kujua kilichomo ndani, hasa resini, yaani gundi inayobaki imeshika chuma, na plastisaiza, kiongezo cha kuilainisha.

Ndani ya rangi ya kinga kuna resini, poda ya rangi, thina na viongezo. Thina inaruka baada ya kupaka. Poda inatoa rangi, na kwenye praima (koti la kwanza) ya zinki inakinga chuma pia. Lakini ngozi inayobaki imeshika chuma miaka na miaka ni resini. Ukisema umepaka epoksi, alkidi au poliuretani, umetaja resini.

Sasa, resini nyingi zikikauka zenyewe tu zinakuwa ngumu na zinakatika. Chuma nacho hakitulii. Boriti ya mita 10 ikipanda joto kwa nyuzi 50 inarefuka karibu milimita 6, na usiku inarudi. Paa la bati linafanya hivyo kila siku ya Mungu. Ngozi isiyonyumbuka itapasuka, na ufa mwembamba usiouona kwa macho unatosha kupitisha maji ya chumvi. Kutu ikishaingia chini inatambaa pembeni, na utakapoiona imeshakula eneo kubwa kuliko unavyodhani.

Plastisaiza ipo kwa ajili hiyo. Resini ni minyororo mirefu ya molekuli iliyosongamana. Molekuli ndogo za plastisaiza zinajipenyeza katikati, zinaipa minyororo nafasi ya kuteleza, na ngozi inanyumbuka katika joto ambalo bila hivyo ingepasuka.

Faida hiyo ina gharama mbili, na hizo ndizo zilizonifanya niandike.

Ya kwanza: nafasi ileile inayoruhusu minyororo kuteleza inaruhusu pia maji na oksijeni kupita. Rangi iliyotiwa plastisaiza kupita kiasi inapendeza siku ya makabidhiano, laini, inang'aa, haina ufa hata mmoja, lakini chini yake malengelenge yanaanza mapema. Tena inakuwa na utandu wa kunata unaoshika vumbi, na hilo mtu hulaumu barabara ya vumbi.

Ya pili: plastisaiza iliyochanganywa tu, isiyofungamana na resini, haikai milele. Jua linaikausha, maji yanaichota, mafuta na dizeli vinainyonya, au inahamia kwenye koti la juu. Ikishatoka, ngozi inarudi kwenye ugumu wake wa asili, inasinyaa na kupasuka. Ndiyo maana utakuta kazi imekaa vizuri misimu miwili au mitatu halafu inachanika ghafla kama matope ya ziwa lililokauka, na fundi analaumiwa ilhali brashi yake haina kosa.

Kwa hiyo kuna aina mbili za ulaini. Upo ulaini wa kuchanganya, ambao plastisaiza imeelea tu ndani. Na upo ulaini wa kufungamana, ambao sehemu laini imeunganishwa kikemia na mnyororo wenyewe na haiwezi kuondoka. Msimamo wangu ni huu: kwa chuma cha pwani, na kwa chochote kitakachozama majini au kugusa mafuta, lipia ulaini wa kufungamana. Ule mwingine uachie kazi za ndani na za muda mfupi.

Tuangalie resini zenyewe. Nitakaa zaidi kwenye zile zilizo na mambo.

Mpira wa klorini. Hii ndiyo rangi ya madaraja, mabwawa ya kuogelea na meli za miaka ya 1960 hadi 1980. Wazee wa bandarini wanaipenda, na wana haki: ni ya kopo moja, inakauka haraka, na koti jipya linayeyuka kidogo ndani ya koti la zamani na kushikana nalo vizuri. Lakini resini hii peke yake inavunjika vipande. Theluthi moja hivi ya ngozi yake huwa ni plastisaiza. Na plastisaiza iliyotumika ni ipi? Kwa miaka mingi ilikuwa PCB, kemikali zilezile za kwenye mafuta ya transfoma za zamani, au parafini zilizotiwa klorini.

PCB zilianza kutengenezwa kibiashara Marekani mwaka 1929. Hazioshwi na maji, haziungui kirahisi, hazioksidiki, na sifa hizo zilizowafurahisha watengeneza rangi ndizo zinazozifanya zidumu kwenye udongo, kwenye samaki na kwenye mafuta ya mwili wa binadamu. Marekani ilipiga marufuku utengenezaji wake mwaka 1979. Mkataba wa Stockholm wa kudhibiti kemikali za sumu zinazodumu, wa mwaka 2001, ulioanza kufanya kazi 2004, ukaziweka kwenye orodha ya kwanza kabisa. Baada ya hapo zikafuata parafini fupi za klorini, zilizoingizwa kwenye orodha hiyo mwaka 2017, na parafini za mnyororo wa kati zikaongezwa mwaka 2025. Tanzania na Kenya ni wanachama wa mkataba huo.

Resini yenyewe nayo ilipata pigo lake. Mpira wa klorini ulitengenezwa ndani ya kaboni tetrakloridi, kimiminika kinachoharibu tabaka la ozoni, na Itifaki ya Montreal ikakibana. Ndiyo sababu siku hizi rangi hii ni adimu, na nyingi zinazouzwa kwa sifa zake ni akriliki, resini ya aina nyingine.

Alkidi, yaani rangi ya mafuta ya kawaida. Hapa ulaini umefungamana, unatokana na mafuta ya mimea yaliyounganishwa na resini: kitani, soya, au nyonyo iliyoondolewa maji. Mafuta mengi, rangi laini inayokauka taratibu. Mafuta machache, rangi ngumu ya kukauka haraka. Udhaifu wake ni kwamba inakauka kwa kuvuta oksijeni na haiachi kuvuta. Miaka inavyokwenda inazidi kuwa ngumu. Kwa geti la Dodoma inafaa sana. Kwa nguzo ya gati haifai.

Epoksi. Makopo mawili, resini na hadena, yaani kigumishi chake. Ukichanganya, minyororo inafungana pande zote ikawa wavu mmoja, na wavu hauhitaji plastisaiza ya kuelea ili ushike. Ulaini unachaguliwa kwenye hadena. Hadena ya poliamidi, inayotokana na asidi za mafuta ya mimea, inatoa ngozi inayonyumbuka na kuvumilia maji. Hadena ya amini inatoa ngozi ngumu inayovumilia kemikali. Adui wa epoksi ni jua: inapauka na kutoa unga mweupe, kwa hiyo nje lazima ifunikwe na poliuretani ya alifati, aina inayovumilia jua. Mfumo wa kawaida wa pwani ni praima ya zinki, epoksi katikati, poliuretani juu, jumla unene wa mikroni (elfu za milimita) 240 hadi 320 kutegemea muda unaoutaka.

Hata epoksi zinachezewa. Zipo zinazoongezwa benzili alkoholi kwa wingi ili ziwe nyepesi bila thina na zikauke upesi, halafu zinauzwa kama "haina thina kabisa". Kitaalamu si uongo. Ila benzili alkoholi haifungamani na wavu. Inatoka polepole.

Epoksi ya lami ya makaa ya mawe naiacha kwanza, najua italeta mjadala.

Karibuni. Mwenye swali aulize, mwenye kupinga apinge kwa hoja.

#2 Mchakarikaji

Mkuu asante sana, nimesoma mpaka mwisho. Swali la haraka: nimeezeka bati jipya la kung'aa, fundi akapaka rangi ya mafuta moja kwa moja. Mwaka haujaisha linabambuka mapande mapande kama ngozi ya nyoka. Hiyo nayo ni plastisaiza imetoka?

#3 FundiKutu

Hapana mkuu, hilo ni jambo jingine kabisa, na nashukuru umelileta. Bati la kung'aa limefunikwa kwa zinki. Asidi za mafuta zilizomo kwenye alkidi zinakutana na zinki, penye unyevu zinatengeneza sabuni. Rangi yako imekaa juu ya utando wa sabuni, lazima ibambuke, na inabambuka kwa vipande vikubwa visafi.

Bandua yote iliyolegea. Osha bati kwa sabuni ya unga na maji mengi, kwaruza kwa msasa mwepesi bila kuimaliza zinki. Kisha paka praima ya epoksi iliyoandikwa kuwa ni ya bati la zinki, au akriliki ya maji inayoruhusiwa juu ya zinki. Ukishapata praima hiyo, koti la juu unaweza kuchagua unalotaka.

#4 Mkata_Chuma_Msa

Shukran ndugu yangu kwa somo. Mimi niko Mombasa, kazi yetu ni kununua vyuma vya zamani, matangi, vipande vya meli, na kukata kwa gesi. Rangi ile ya zamani ikipigwa moto inatoa moshi mzito unaokaba. Vijana wanakohoa wiki nzima. Hizo PCB ulizozitaja zaweza kuwa kwenye vyuma kama hivi?

#5 FundiKutu

Ndugu, zaweza. Chuma cha meli, daraja au mtambo wa umeme wa maji kilichopakwa kabla ya miaka ya 1980, kikiwa na rangi nene ya mpira wa klorini au ya vinili, kihesabu kuwa kina hatari mpaka kipimwe. Na PCB si peke yake. Praima nyekundu ya zamani mara nyingi ina madini ya risasi.

Kuna jambo wengi hawalijui. PCB ikipigwa moto usiotosha kuiteketeza inageuka kuwa dioksini na furani, ambazo ni mbaya zaidi kuliko yenyewe. Moto wa gesi ya kukatia uko hivyohivyo: katikati ni mkali sana, lakini pembeni ya mkato rangi inachemka na kuvukiza tu. Kijana anayeinama pale anavuta mvuke huo.

Kabla ya kukata, ondoa rangi kwenye mstari wa mkato, angalau sentimita 10 kila upande. Ondoa kwa kukwangua ukiwa umelowanisha, usitumie grainda kavu kwa sababu itarusha vumbi. Barakoa ya kitambaa au ile ya hospitali haisaidii kitu hapo; inatakiwa yenye kichujio cha chembechembe daraja la P3 pamoja na kaboni ya kuzuia mvuke. Makwangulio yakusanyeni kwenye ndoo yenye mfuniko, yasichomwe na yasimwagwe baharini. Vijana wavue nguo za kazi palepale, wasiende nazo kwa watoto.

Najua vifaa hivyo ni gharama. Lakini kukwangua sentimita 10 kunahitaji mkono na muda tu, na ndiko kunakopunguza moshi mwingi kuliko yote. Anzeni na hilo kesho.

#6 Mzee_wa_Gati

Mleta mada, naheshimu maarifa yako lakini unawatia watu hofu. Mimi nimefanya kazi za bahari tangu ujana. Epoksi ya lami, ile nyeusi, nimeipaka kwenye nguzo za chuma na mpaka leo zimesimama. Leo mnakuja na epoksi za kisasa, ghali, zinahitaji chuma kisafishwe kama sahani, na bado zinabambuka. Ile nyeusi ilisamehe makosa. Kipi kilichokuwa kibaya?

#7 FundiKutu

Shikamoo mzee wangu. Sitabishana na wewe kuhusu uimara. Epoksi ya lami ni moja ya kinga bora kuwahi kutengenezwa kwa chuma kinachozama. Lami ya makaa ya mawe inachukia maji kwelikweli, inajaza nafasi za wavu wa epoksi, inalainisha ngozi na hapohapo inapunguza maji yanayopita. Plastisaiza za kawaida zinalegeza kinga, ile iliongeza. Kwa kemia tupu ni kitu cha ajabu, na nguzo zako ni ushahidi.

Ubaya uko kwa mpakaji na kwa kinachoishi kwenye maji yale. Lami ya makaa ya mawe imejaa hidrokaboni za pete nyingi, ikiwemo benzopireni, na inajulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Wewe mwenyewe, mzee, utakumbuka jinsi ngozi ilivyowaka ukitoka juani baada ya kuipaka. Hiyo ni lami iliyoingia kwenye ngozi ikachokozwa na jua. Na ukipaka koti jeupe juu yake, baada ya muda linatoka madoa ya kahawia, maana yake vitu vilivyomo vinasafiri. Kama vinapenya rangi, vinaingia majini pia.

Iliyochukua nafasi yake ni epoksi iliyochanganywa na resini za hidrokaboni zitokanazo na petroli, nyepesi rangi, zinafanya kazi karibu ileile ya kujaza na kulainisha bila zile pete nyingi. Nakubali hazisamehi sana. Ukipaka juu ya chumvi, maji yanavutwa na ile chumvi kupita ngozi yenyewe, na malengelenge yanatokea hata kama resini ni ya bei gani. Kwa hiyo kazi nyingi zinazobambuka siku hizi nalaumu maandalizi: chuma hakikuoshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi kabla ya kupigwa mchanga, na kilipopigwa hakikufika daraja la usafi la Sa 2½, yaani karibu cheupe kabisa.

Jambo moja nakuunga mkono kabisa, mzee. Wauzaji wanasoma ISO 12944, kiwango cha kimataifa cha rangi za kukinga chuma, wanaona "uimara wa juu, miaka 15 hadi 25", wanamwambia mteja hiyo ni garantii. Kiwango chenyewe kinasema wazi kuwa huo ni muda wa kupangia ukarabati mkubwa wa kwanza, garantii ni suala la mkataba. Tena idadi hiyo inahusu daraja la mazingira lililopangiwa. Mfumo wa C3 (mazingira ya kutu ya wastani) ukiupeleka pwani yenye chumvi, ambako ni C5 (makali sana), hautakaa.

#8 Mzee_wa_Gati

Marahaba. Hilo la ngozi kuwaka ni kweli, tulijipaka mafuta ya nazi kabla ya kuanza. Hakuna aliyetuambia sababu. Endelea, nasoma.

#9 Binti_wa_Newala

Habari zenu. Mimi si fundi, nimevutwa na neno la mafuta ya mimea. Kwetu Newala mama zetu wamebangua korosho miaka nenda rudi, na mafuta ya lile ganda yanachoma mikono mpaka inakuwa myeusi na kubambuka. Tunapaka majivu kujikinga. Nimewahi kusikia kwamba mafuta yale yanatengeneza rangi za meli. Ni kweli, au ni maneno ya vijiweni?

#10 FundiKutu

Dada, ni kweli tupu, na umenigusa panapouma. Naomba nijibu kwa urefu.

Ganda la korosho ni zaidi ya nusu ya uzito wa korosho ghafi, na ndani ya ganda kuna kimiminika cheusi, kikali. Kinachochoma mikono ni asidi ya anakadi na ndugu zake, jamii moja na sumu ya mimea inayowasha ngozi huko Marekani na Japani. Ukikipasha moto mkali, karibu nyuzi 180 hadi 200, asidi ile inaachia kaboni dioksidi na kubaki kitu kinachoitwa kardanoli. Kisha unakisafisha kwa kukikeneka, yaani kukichemsha na kuukusanya mvuke wake, ndani ya ombwe lisilo na hewa.

Kardanoli ni fenoli iliyoota mkia wa kaboni 15. Watu wa rangi wanaitafuta kwa ajili ya umbo hilo. Kichwa cha fenoli kinashika kemia: ukikikutanisha na fomaldehidi na amini unapata hadena ya epoksi iitwayo fenalkamini. Mkia wa kaboni 15 ni mlaini na unachukia maji. Hadena ikifungamana na epoksi, mkia unabaki umening'inia ndani ya wavu, umefungwa upande mmoja, unailainisha ngozi na kuzuia maji, na hauwezi kutoka kwa sababu ni sehemu ya wavu wenyewe. Ni ule ulaini wa kufungamana niliousema kule juu. Lile ambalo wengine walilitafuta kwenye PCB na kwenye lami, ganda la korosho linalo, tena kwa namna ambayo haichuruziki baharini.

Fenalkamini inakauka hata kwenye baridi ya chini ya nyuzi 5, na inavumilia chuma chenye unyevunyevu ambapo amini nyingine zinatoa utando wa mafuta juu. Ndiyo maana inapendwa kwenye matangi ya maji ya kusawazisha meli, kwenye nguzo za bahari, na kwenye ukarabati usioweza kusubiri kiangazi. Kasoro yake ni rangi: ina umanjano wa kahawia na inazidi kuwa nyeusi juani. Kwa hiyo inakaa kwenye praima na katikati, au ndani ya tangi, koti la juu linakuwa poliuretani.

Na si hadena tu. Ipo resini ya kardanoli ya kuifanya epoksi iwe nyepesi kupakwa badala ya thina, nayo inafungamana. Ipo plastisaiza ya kardanoli kwa ajili ya plastiki ya PVC, badala ya fthaleti, plastisaiza zake za kawaida. Na vumbi la msuguano kwenye bitana za breki za magari, sehemu kubwa ni resini ya mafuta haya haya.

Sasa kinachouma. Korosho nyingi za Tanzania zinaondoka Mtwara zikiwa ghafi, na ganda lake, kwenda India na Vietnam. Mnunuzi analipia korosho, na mafuta ya ganda yanakwenda nayo. Huko yanakamuliwa, yanakenekwa, yanageuzwa hadena. Halafu sisi wa rangi tunaagiza fenalkamini kwenye madramu ya lita 200 ili tupake nguzo za chuma katika pwani ileile zilikopakiwa korosho. Hata zile zinazobanguliwa nyumbani, maganda mengi yanachomwa kama kuni au yanatupwa, na moshi wake unawasha macho mtaa mzima.

Tunapozungumzia ubanguaji ndani ya nchi, hesabu hufanywa kwa punje peke yake. Ganda lihesabiwe. Kukamua ni kinu cha skrubu, teknolojia inayojulikana. Kupasha moto na kukeneka kwa ombwe kunahitaji mtaji na watu wa kemia, na watu hao tunao, wengine wako kwenye uzi huu.

Kwa mama zetu, dada: majivu yanasaidia kidogo, lakini glavu nzima zisizopitisha mafuta ni bora, na mikono ipakwe mafuta ya nyonyo kabla ya kuvaa. Nyonyo nayo, kwa taarifa, ni plastisaiza ya kale ya rangi za selulosi.

#11 Mwanakemia_2

Nimo, mkuu. Niongeze kitu kimoja kwa wanunuzi. Majina ya plastisaiza yanabadilishwa badilishwa mpaka mtu anapotea. Omba karatasi ya usalama ya bidhaa, ile yenye sehemu 16, nenda sehemu ya 3, usisome jina, soma namba ya CAS, namba ya utambulisho wa kila kemikali. Namba haibadiliki lugha wala nchi.

84-74-2 ni dibutili fthaleti. 117-81-7 ni DEHP, fthaleti nyingine. Zote mbili zinaharibu uzazi, na Ulaya tangu Februari 2015 hazitumiki bila kibali maalumu. 85535-84-8 ni parafini fupi za klorini, 85535-85-9 ni za kati. 65996-93-2 ni lami ya makaa ya mawe. 100-51-6 ni benzili alkoholi, hii si ya kutisha kama hizo, ila ikiwa asilimia kubwa kwenye epoksi ya tangi, uliza kwa nini.

Muuzaji akikwambia karatasi hana, au akakuletea yenye sehemu ya 3 tupu iliyoandikwa "siri ya kibiashara", mrudishie kopo lake.

Na kwa mafundi wa poliuretani: hadena yake ni isosianeti. Inaleta pumu ambayo ukiipata, hata harufu kidogo baadaye inakukaba. Ulaya tangu Agosti 2023 hakuna ruhusa ya kuitumia kazini bila mafunzo. Kwetu kijana anapulizia magari akiwa amefunga kitambaa puani. Barakoa ya hewa safi ya bomba ndiyo sahihi kwa kupulizia.

#12 FundiKutu

Mwanakemia, ubarikiwe. Naomba wasimamizi wapandishe namba hizo juu kwenye bandiko la kwanza.

#13 Mswahili_Maskati

Assalamu alaikum. Nasoma kutoka Maskati. Tuna tangi la chuma la maji ya kunywa, tunataka kulipaka ndani. Mchana chuma hakigusiki kwa moto. Mkandarasi analeta epoksi "isiyo na thina", mwingine anasema nyeusi ya zamani ndiyo imara. Nishauri, sheikh, kabla hatujasaini.

#14 FundiKutu

Waalaikum salaam. Nyeusi ya lami isiguse maji ya kunywa, hilo lisiwe na mjadala.

Hiyo isiyo na thina inafaa kwa sharti kwamba mkandarasi akupe cheti cha maji ya kunywa cha bidhaa hiyohiyo, kwa hadena hiyohiyo, cha NSF/ANSI 61 au BS 6920. Cheti cha "kampuni" hakitoshi. Mwombe na karatasi ya usalama uangalie ile 100-51-6.

Kuhusu joto: chuma cha nyuzi 50 kitafanya mchanganyiko ugande kwenye ndoo kabla haujaisha kupakwa, na ngozi itashika kabla haijalowanisha chuma vizuri. Pakeni jioni baada ya jua kuondoka. Ila huko pwani alfajiri kuna umande, kwa hiyo mpime kiwango cha umande (joto ambalo unyevu wa hewa unaanza kutua), na chuma kiwe juu yake kwa nyuzi 3 au zaidi tangu mnapopaka hadi rangi inaposhika. Feni ya kunyonya hewa iwe chini ya tangi, kwa sababu mvuke mwingi wa rangi ni mzito kuliko hewa na hutuama kwenye sakafu. Mtu asiingie peke yake. Mmoja abaki mlangoni na kamba.

Baada ya koti la mwisho msijaze maji siku ya pili hata mkandarasi akihimiza. Kwa bidhaa nyingi ni siku 7 katika nyuzi 25. Fuateni karatasi ya kiufundi ya kopo lenu. Kisha jazeni, acheni maji yalale saa 24, mwageni yote, jazeni tena ndipo myapeleke kupimwa. Na kama mkandarasi hataki siku hizo ziandikwe kwenye mkataba, tafuteni mwingine.